Jina Langu Halikuwamo Daftarini

Ushuhuda huu namwandikia mtu ninayemfahamu vizuri, kwa kuwa kwa karibu miaka kumi na mitano nilikuwa kama yeye. Ni mtu anayeamka saa kumi alfajiri, anatoka Mbezi Luis gizani kuwahi gari la Kariakoo, anarudi saa tatu usiku na kufunga geti. Mambo ya nchi anayajua. Lakini ukimwuliza jina la mwenyekiti wake wa mtaa, anakuna kichwa. Ndugu yangu, kama ni wewe, keti tuzungumze. Sikuandikii kukusuta, maana mimi mwenyewe nilibebwa kabla sijajua kwamba nabebwa.

Nilihamia Mbezi Luis mwaka 2009. Nilikuwa mtunza stoo katika duka la jumla Kariakoo, kazi ninayoifanya mpaka leo, na nilikuwa nimechoka kupanga Manzese. Kiwanja nilikipata kwa ndani, mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu kutoka Barabara ya Morogoro. Siku hizo miembe na mikorosho ilikuwa mingi kuliko nyumba. Aliyeniuzia alinipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti akatia saini na muhuri kwenye mkataba, tukaagana. Kwa miaka mingi, muhuri ndio uliokuwa uhusiano wangu wote na ofisi ile. Nilirudi pale nilipohitaji barua ya utambulisho ya benki, nikarudi tena kwa ajili ya barua ya shule ya mtoto. Nilisimama mlangoni, nikapewa karatasi yangu, nikaondoka bila hata kuuliza hali za watu.

Siasa zenyewe nilizipenda. Bunge likikaa nilifuatilia, na kazini wenzangu walinigeukia mimi kuuliza nani kateuliwa na nani katenguliwa. Mawaziri niliwataja bila kukosea. Lakini Manispaa ya Ubungo ilipokatwa kutoka Kinondoni, na sisi wa Mbezi tukahamia huko, niliendelea kuandika "Kinondoni" kwenye fomu kwa miaka mitatu mizima, mpaka karani mmoja aliponisahihisha.

Tarehe 14 Desemba 2014, siku ya Jumapili, ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Nililala. Mke wangu alikwenda peke yake, na aliporudi nikamwambia kwamba amejichosha bure, maana wale kazi yao ni kugonga mihuri. Hakunijibu. Alivua viatu, akaenda jikoni.

Mwaka 2017 ulikuja kwetu na rangi nyekundu. Tangu Kimara hadi Kiluvya, nyumba na maduka ya kandokando ya Barabara ya Morogoro yaliandikwa X. Hifadhi ya barabara hapa kwetu ilikuwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande, na aliyekuwa ndani ya kipimo hicho alitakiwa kubomoa. Palikuwa panatengenezwa njia ya upanuzi kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, njia nane. Watu waliokaa pale miaka thelathini walipanda juu ya mapaa yao wenyewe kung'oa mabati, angalau wabaki na kitu cha kuanzia.

Nyumba yangu ilikuwa mbali na kipimo. Asubuhi nilipita ndani ya daladala, nikatazama vifusi dirishani, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Walijua ni hifadhi ya barabara. Walijitakia." Mbele yangu alikaa mzee mmoja aliyegeuka akanitazama. Hakusema kitu.

Kabla ya hapo, kituoni, palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua na chai ya tangawizi. Nilinunua kwake karibu kila asubuhi. Alikuwa na vyumba viwili na kibaraza palepale mbele, na alama ya X ilikuwa juu ya mlango wake. Siku moja, akiwa ananifungia vitumbua kwenye gazeti, alinisemesha.

"Baba, wewe naona ni mtu wa kalamu. Sisi wa hapa tunataka kuandika barua tuipeleke kwa mwenyekiti, apande nayo juu. Ungetusaidia hata ukurasa mmoja."

"Mama, gari hilo linakuja," nilimwambia. "Tutaongea kesho."

Kesho yake nilinunua vitumbua mahali pengine. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu. Siku niliyopita tena pale, kibaraza hakikuwapo.

Jambo hili nimelitubu mbele ya Mungu na mbele yake yeye mwenyewe. Nalitaja hapa ili ujue nilipokuwa. Barua ile huenda isingebadilisha chochote, kwa kuwa barabara ilikuwa lazima ijengwe, na leo ninaitumia kila siku. Lakini niliombwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo nilikuwa nao.

Uchaguzi wa mitaa ulirudi tarehe 24 Novemba 2019. Safari hii nilikuwa na kadi yangu ya mpiga kura mfukoni, nikadhani inatosha. Sikujua kwamba uchaguzi wa mtaa una orodha yake yenyewe, na kwamba mkazi huandikishwa upya mtaani kwake wiki kadhaa kabla ya kura. Siku za kuandikisha zilipita huku nikiwa Kariakoo. Kisha nikasikia kwamba vyama kadhaa vya upinzani vimejitoa, vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa. Nikapata kisingizio kizuri. "Si mmeona?" niliwaambia wenzangu. "Hakuna cha kupiga kura pale." Malalamiko yale yalikuwa mazito, na sikatai. Ila mimi niliyatumia kufunika uvivu ulionianza miaka kumi kabla yake.

Tarehe 24 Februari 2021, Rais Magufuli alifungua kituo kikuu cha mabasi hapa Mbezi Luis, kituo kinachobeba jina lake. Mabasi ya mikoani yaliyokuwa Ubungo yakahamia kwetu. Bei za viwanja zikapanda na nyumba za wageni zikaota kila kona. Bodaboda na mama lishe wakaja, wakaja na wapiga debe. Nilifurahi, maana kiwanja changu kilikuwa na thamani mpya. Siku hiyohiyo ilitangazwa kuvunjwa kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Halmashauri hiyo iliyovunjwa ndiyo iliyokijenga kituo chetu. Nilisikia habari hizo redioni nikakodoa macho kama mtu anayesikia matokeo ya mpira wa nchi ya mbali. Nilishangilia jengo, nisijiulize ushuru wake utaingia wapi, wala nani sasa tutamwuliza kuhusu taka, mitaro na msongamano utakaoletwa na jengo lile.

Mwaka huo pia mtaa wetu ulikuwa katika urasimishaji wa makazi. Kila mwenye kiwanja alichangia shilingi 150,000, wapima wakaja na vigingi vyao, na kamati ya wakazi ikapita nyumba kwa nyumba kukubaliana njia zipite wapi. Mimi nilikuwa nimejenga ukuta mwaka 2018, na kona yake ya chini ilikuwa imeingia njiani mita moja na nusu. Wanakamati walinijia watatu, kwa adabu, wakaniomba niurudishe ukuta ili gari liweze kukata kona. Niliwaacha wamesimama nje ya geti. Niliwaambia waniletee sheria, waniletee fidia, kisha ndipo tuongee. Mmoja wao alikuwa yule mama wa vitumbua.

Sikuwa nimemwona tangu kibaraza chake kilipobomolewa. Kumbe alihamia mtaani kwetu, akapanga chumba nyumba ya nne kutoka kwangu, na mwaka 2019 aliingia kwenye kamati ya serikali ya mtaa. Alinitambua. Nilimjua kwa sauti, nikajifanya sikumjua.

Oktoba na Novemba 2022 Dar es Salaam ilipita katika mgao mkali wa maji. Nilikuwa na tangi la lita 5,000. Nilifunga geti.

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi nami tangu baba afariki. Alikuwa tofauti na mimi. Jioni alikaa nje ya geti kwenye kigoda, akisalimiana na kila mpita njia, na watoto wa jirani walimjua kwa jina la Bibi. Alifariki Novemba 2023 katika mvua zile kubwa za El Niño, usiku, hospitalini. Nilirudi nyumbani alfajiri, nikakaa kwenye kochi, na wazo la kwanza lililonijia lilikuwa aibu. Niliwaza, "Nani atakuja?"

Unajua mambo yetu yalivyo. Msiba ni mtaa. Katika miaka yote ile sikuwa nimekaa kwenye msiba wa jirani hata mmoja. Nilikuwa nikituma shilingi elfu tano kwa mkono wa mke wangu, naye akiandikwa kwa jina lake.

Saa moja asubuhi geti liligongwa. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa, amevaa buti za mvua, na nyuma yake vijana wanne wamebeba turubai na mabomba yake. Nilimtazama nikitafuta jina lake kichwani, nisilipate.

"Pole sana, baba," aliniambia. "Wewe kaa na ndugu zako. Kibali cha mazishi mtendaji anakishughulikia. Hapa tutafunga turubai, viti vinakuja."

Kufikia saa tatu uwanja wangu ulikuwa umejaa. Kuni zilikuja, masufuria yakaja, na kina mama walikuwa tayari wamegawana zamu za kupika. Kwenye meza ndogo pembeni ya geti, chini ya mwavuli, alikaa yule mama wa vitumbua na daftari la rambirambi. Alikuwa anaandika polepole, kwa herufi kubwa, akimwuliza kila mtu mara mbili ili asikosee.

Siku ya kuzika, mwili uliletwa nyumbani kuagwa. Gari la jeneza lilikuja mpaka kwenye kona ya ukuta wangu, na hapo likashindwa. Maji ya mvua yalikuwa yamekula njia upande mmoja na kuacha korongo, na upande wa pili ulikuwa na ukuta wangu. Dereva alijaribu mara tatu, tairi la nyuma likateleza kuelekea shimoni, akazima injini. Nilikuwa nimesimama getini na suti yangu nyeusi. Nilipima kwa macho, na kila mtu pale aliweza kupima. Ilikuwa mita moja na nusu.

Hakuna aliyesema neno. Mwendesha bodaboda mmoja alikunja suruali, akaingia kwenye tope, akafungua mlango wa nyuma. Wakaja wengine watano. Walimtoa mama yangu, wakamwinua mabegani, na ili wapite pale penye kona iliwabidi wabane upande wa ukuta, mmoja mmoja, mabega yao yakisugua plasta. Shati la yule kijana wa mbele lilibaki na chokaa nyeupe begani. Niliitazama chokaa ile kutoka nyumbani hadi makaburini. Sikusikia mahubiri.

Baada ya matanga mke wangu aliniwekea daftari la rambirambi mezani. Nilifungua nikidhani nitaona ndugu zangu na watu wa kazini. Ukurasa wa kwanza ulisomeka hivi: fundi pikipiki wa kona, 3,000. Mama wa genge, nyanya na vitunguu. Mpangaji wa nyumba ya bati jekundu, 2,000. Vijana wa ulinzi, kuni. Watoto wa Bibi, 1,500. Mstari huo wa mwisho ulinivunja. Ni wale watoto aliokuwa akisalimiana nao, walichangishana. Nilihesabu kurasa sita. Zaidi ya nusu ya waliokuwamo sikuwafahamu. Na nilijua, bila kuuliza, kwamba kama daftari la kila msiba wa mtaa ule lingefunguliwa tangu 2009, jina langu lisingepatikana hata katika moja.

Nilimwendea yule mama jioni. Nilibeba sukari na mchele, kama mtu anayekwenda kulipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Poleni tena."

Nilimwambia kwamba namkumbuka. Nilimwambia habari ya barua ya 2017, ya gari lililokuwa linakuja na vitumbua nilivyokwenda kununua kwingine. Alisikiliza akichambua mchele wake, macho kwenye ungo.

"Nilijua," alisema. "Barua tuliandikiwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Haikufika mbali. Lakini tuliiandika, tukajua nani ni nani, ndiyo maana nikasema huku nilikohamia sitakaa kimya." Akatulia. "Mzigo huu rudi nao, wewe una wageni. Kama unataka kushukuru mtaa, Jumapili ya pili ya Januari kuna mkutano mkuu. Njoo ukae."

Huo ndio wito nilioupokea. Sikustahili hata huo.

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, awe na nyumba au amepanga. Nilikuwa sijui. Nilidhani ni wa wanachama wa chama fulani, kwa kuwa nilichanganya mjumbe wa kamati ya mtaa na balozi wa nyumba kumi, ambaye ni kiongozi wa shina la chama. Sikujua pia kwamba mwenyekiti huchaguliwa na wakazi, ilhali mtendaji huajiriwa. Kwamba mwenyekiti wa mtaa huingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani. Na kwamba jambo lisilosemwa mtaani halina miguu ya kufika Baraza la Madiwani. Nilikuwa nafahamu nani ni katibu mkuu wa wizara gani, na sikujua mtaro wa mlangoni kwangu unaombwa kwa nani.

Tulikaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya mwembe. Karani alipitisha daftari la mahudhurio. Niliandika jina langu, na mkono ulitetemeka kidogo. Ajenda zilikuwa nne: taka, mchango wa ulinzi shirikishi, korongo lililokula njia yetu, na mikopo ya asilimia 10.

Hiyo ya mwisho ilinifungua macho. Yule mama alisimama akaeleza kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa imesitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, na vikundi vilitakiwa kujiandaa mapema kwa siku itakaporudi. Kina mama watatu walisema hawajui kuandika mchanganuo wa biashara. Mimi, mtu wa hesabu za stoo kwa miaka ishirini, nilikuwa nimekaa mita tano kutoka kwao.

Ilipofika ajenda ya korongo, nilisimama. Niliongea dakika kumi, juu ya bajeti ya taifa, juu ya mikopo ya nje, juu ya miji mingine ilivyopangwa. Mzee mmoja aliinua fimbo yake.

"Baba, samahani. Hoja iliyopo ni mtaro."

Watu hawakucheka, nami nikaketi. Kisha mzee huyo akazungumza mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilielewa thamani ya kikao kile. Alisema alikuwa kijana mjini mwaka 1972, serikali za mitaa zilipofutwa na mambo yakapelekwa chini ya Madaraka Mikoani. Alisema mifereji iliziba, barabara zikafa, kipindupindu kikaingia, mpaka mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na sheria za mwaka 1982 zikaweka mfumo tulio nao leo.

"Tumeshawahi kuishi bila kikao hiki," alisema. "Kwa hiyo msikidharau kwa sababu ni kidogo."

Ningependa kukuambia kwamba nilitoka pale nikiwa mtu mpya. Sivyo. Mkutano uliofuata sikwenda, nilisema nimechoka. Uliofuata akidi haikutimia, tukarudi nyumbani, nikanung'unika wiki nzima. Mwezi wa Mei nilikwenda, nikaomba mapato na matumizi yasomwe. Nilikuwa na haki ya kuomba, lakini niliomba kwa maneno ya kumdhalilisha karani mbele za watu, kisha nikatoka kwa hasira. Kuna waliosema natafuta uenyekiti. Ndani yangu nilijua hawakukosea sana. Kiburi kilikuwa kimehama tu kutoka kwenye televisheni na kuja chini ya mwembe.

Yule mama alinifuata nyumbani.

"Swali lako lilikuwa zuri," aliniambia. "Uliliharibu mwenyewe. Yule binti hana mshahara, anaandika kwa kujitolea. Nenda kamwombe radhi, kisha uliza tena."

Nilikwenda, nikamwomba radhi. Nikauliza tena. Mapato na matumizi yalisomwa Julai, na tangu siku hiyo yamebandikwa kwenye ubao wa ofisi.

Ukuta uliniuma zaidi. Nililala nao usiku mwingi. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Morogoro akaniuliza kama nimerogwa, kubomoa mali yangu kwa mikono yangu wakati hakuna aliyenilazimisha. Nilimjibu kwamba nililazimishwa siku ile ya jeneza. Agosti 2024 nilimwita fundi. Nilitaka aanze yeye, lakini alinipa nyundo, akasema mwenye ukuta ndiye wa kwanza kugonga. Tofali za inchi sita hazitoki kirahisi. Pigo la kwanza lilirudisha mkono mpaka begani. Plasta ilipoanza kuanguka niliuona mstari pale mabega ya vijana wale yalipokuwa yamesugua, bado umefifia kidogo kuliko sehemu nyingine. Niligonga mahali hapohapo.

Kufikia jioni walikuwa wamekuja watu bila kuitwa. Vifusi vyote vilibebwa na kumwagwa kwenye korongo. Wiki iliyofuata tulichanga mifuko ya saruji, na ombi la kalvati likapelekwa kwenye kata likiwa na saini za nyumba arobaini na moja. Mtaro kamili hatujaupata bado. Lakini gari linakata kona. Gari la wagonjwa limeshapita pale mara mbili.

Jumamosi jioni sasa nakaa na vikundi vya kina mama, tunaandika katiba na michanganuo. Mikopo ilipotangazwa kurudi mwaka huo wa 2024, viwili kati yao vilikuwa na makabrasha tayari. Nami nimegundua kwamba hesabu zangu zilikuwa na matumizi siku zote, sikuwa nimeulizwa na mtu ambaye sikumkimbia.

Tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024 zilikuwa siku za kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa. Nilikwenda siku ya kwanza kabla ya kazi. Kituo kilikuwa ofisi ileile ya muhuri. Karani aliniuliza jina na umri, na akauliza kama ni mkazi wa mtaa huu.

"Ndiyo," nilisema. "Ni mkazi."

Aliandika. Nilisimama nikitazama kalamu yake mpaka ilipomaliza herufi ya mwisho. Nilikuwa na miaka 53, nimekaa hapo miaka kumi na mitano, na ndiyo kwanza naandikwa.

Tarehe 27 Novemba 2024, Jumatano, nilipanga mstari na mke wangu. Sitasema nilimpigia nani, wala haihusiki. Matokeo ya nchi nzima unayajua: chama tawala kilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, na wapinzani walilalamikia tena kuenguliwa kwa wagombea na uendeshaji wa kura. Wako majirani zangu waliorudi nyumbani wameinamisha vichwa, na siwezi kuwaambia wasione wanachokiona. Uchaguzi wa haki ni madai halali, nami nadai pamoja nao. Neno langu ni dogo zaidi. Januari iliyofuata, mkutano wa kwanza wa mtaa ulipoitishwa, walioshinda walikaa mbele, na walioshindwa tulikaa nao chini ya mwembe uleule. Mapato na matumizi yaliulizwa na mtu ambaye chama chake hakikupata hata mjumbe mmoja. Alijibiwa, kwa sababu alikuwapo.

Sina cha kujisifia hapa. Niliombwa ukurasa mmoja nikakataa. Watu walewale niliowakatalia walimbeba mama yangu kupita kwenye ukuta wangu, bila neno la lawama, kisha wakaniandikia kila senti ya rambirambi kwa herufi kubwa ili nisikosee kusoma. Nikijiuliza kwa nini, sipati jibu zaidi ya neema ya Mungu, na tabia njema ya watu maskini wa Mbezi Luis.

Ndugu yangu unayefunga geti saa tatu usiku, mtaa wako unakujua hata kama wewe huujui. Usingoje jeneza. Ulizia mkutano ujao ni lini, omba ruhusa kazini, keti nyuma ukipenda. Daftari la mahudhurio litakapokufikia, andika jina lako.